Mama amenyamaza: ni uzee, ni msiba, au ni sonona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Dar es Salaam, mama yangu yuko Muheza, ana miaka 71. Baba alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Mama alikaa eda, akatoka, tukadhani amevuka. Sasa ni mwezi wa nne hataki kutoka nyumbani. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka na kuuza, haachi maulidi, yuko kwenye kikoba na wenzake. Vyote ameacha, ukili aliouanza uko uvunguni mwa kitanda. Nikimpigia simu ni miguu inawaka moto, tumbo limejaa, usingizi hana. Amepimwa mara nne na kila mara anaambiwa ana taifodi. Ana sukari na presha, anameza metfomini na bendro. Zahanati moja walimpa amitriptilini, akameza siku tatu, akaona kizunguzungu, akaacha. Sasa anameza Valium ya duka la dawa. Mwezi uliopita aligawa kanga zake, anasema anangoja baba aje amchukue. Kaka, ambaye yeye na mkewe wanaishi naye, anasema huo ni uzee. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Mimi nataka nimlete Dar nikae naye. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa msiba wa baba.

Nianze na kaka yako, maana kauli yake ndiyo ninayoisikia kuliko zote: "ni uzee tu." Uzee humpunguzia mtu mwendo, humwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, humfanya arudie hadithi ile ile mara tatu. Haumwondolei hamu. Mwanamke aliyesuka ukili maisha yake yote hauachi kwa sababu ametimiza miaka 71. Anauacha kwa sababu macho hayaoni mwaa, au vidole vinauma, au moyo haupo. Hizo ni sababu tatu, kila moja ina tiba yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban asilimia 5.7 ya watu waliovuka miaka 60 wana sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama na hamu kuisha. Yaani zaidi ya wazee tisini katika kila mia hawana. Ingekuwa ni uzee, wangekuwa nayo wote.

Kwa hiyo usimlinganishe mama na vikongwe wenzake wa mtaani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka juzi. Chukua karatasi uandike siku yake ya kawaida ilivyokuwa wakati ule: aliamka saa ngapi, alimkaripia nani, alinunua nini gengeni, alikuwa akicheka kitu gani, alilala saa ngapi. Upande wa pili andika siku yake ya sasa, umuulize na wifi yako anayemwona kila siku. Andika pia kitu kipi kilianza kuachwa na kipi kikafuata. Nikiwa na karatasi ya namna hiyo mezani sihitaji kipimo cha taifodi cha mara ya tano.

Na hapa niseme kidogo kuhusu hizo taifodi. Kipimo kinachotumika sana katika zahanati zetu hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinaangalia kinga ambayo mwili ulijitengenezea, na kinga hiyo yaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, au ikawa imeletwa na ugonjwa mwingine kabisa. Mtu anaweza kupimwa mara nne, akaambiwa "ipo" mara nne, na hana taifodi. Hujaniandikia kwamba ana homa. Mzee asiye na homa, aliyekwisha kumeza dozi nne za dawa za bakteria, tumbo kujaa gesi si jambo la kushangaza, na metfomini nayo ina tabia hiyo hiyo ya kuchafua tumbo.

Unaweza kuniuliza: kama ni sonona, mbona hasemi ana huzuni? Kwa sababu wagonjwa wa umri wake hawasemi hivyo. Neno sonona lenyewe wengi wao wamelisikia redioni. Watakwambia moyo unapwita, kichwa kizito, mwili umelegea, nawaza sana, usiku nahesabu mabati. Mtu aliyelelewa akiambiwa kulalamikia moyo ni kukosa subira, au ni kumkufuru Mungu, hujifunza mapema kwamba goti linaruhusiwa kulalamikiwa na moyo hauruhusiwi. Basi analeta goti. Siyo kwamba anadanganya. Maumivu anayasikia kweli, na sonona huyakoleza: mguu uliokuwa ukiwaka kidogo, sasa unawaka usiku kucha.

Ila usinielewe kwamba kila kitu ni moyo. Miguu ya mama ningeishughulikia kama miguu. Sukari iliyokaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo na kuleta moto huo. Halafu kuna jambo ambalo hata wahudumu wengi hulisahau: metfomini ikitumika kwa miaka huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo nao huleta miguu kuwaka na ganzi, na zaidi ya hapo huleta uchovu, usahaulifu, na moyo kuzama. Umeona ulivyojifunga uzi mmoja? Mtu yule yule, kidonge kile kile, miguu na moyo kwa pamoja. Muulize daktari kuhusu B12. Kipimo hakipo kila mahali, lakini sindano zake si ghali, na daktari akiona dalili zinaelekea huko anaweza kuamua kumchoma hata bila kipimo.

Wamwangalie pia wingi wa damu, sukari yenyewe imekaaje, figo, chumvi za mwilini, na tezi ya shingo, ile ya thairoidi, ambayo ikilegea humfanya mtu awe mzito, asikie baridi, asitake kuongea. Na macho. Hili lisipite. Muulize swali moja: "Mama, ukili umeuacha kwa sababu huoni, au kwa sababu hutaki?" Akisema haoni, huenda ni mtoto wa jicho, na tiba yake ni upasuaji mfupi. Nimewahi kupokea bibi aliyeletwa kwa sababu "amejitenga na watu," kumbe masikio yake yalikuwa yamezibwa na nta. Alichoka kuitikia mambo asiyoyasikia, akaona bora akae chumbani.

Sasa msiba. Kumlilia mume si ugonjwa, na eda ya miezi minne na siku kumi haikuwekwa ili mtu akitoka awe amesahau. Wajane wengi hulia vizuri zaidi baada ya eda, nyumba inapokuwa imebaki bila wageni. Majonzi ya kawaida huja kama maji ya bahari: yanajaa, yanakupwa. Leo anaona kofia ya mume msumarini, analia. Jioni mjukuu anaanguka kichekesho, anacheka, kisha anajiona mkosefu kwa kucheka. Sonona haikupwi. Inakaa siku nzima, karibu kila siku, wiki mbili na kuendelea, na mjukuu akianguka anamwangalia tu. Aliyefiwa humtaka marehemu arudi. Mwenye sonona hugeuka kujitazama mwenyewe, anaanza kusema "nawatia taabu," "mimi sina faida," "mngepumzika na mimi." Kwa maelezo yako, kuna majonzi mwanzoni, halafu miezi minne iliyopita kuna kitu kingine kimeingia. Sikumwona mama, siwezi kumpa jina la ugonjwa kwa barua. Lakini angekuwa mama yangu nisingengoja mwezi wa tano.

Mtaalamu atatumia maswali maalumu. Kuna yale tisa yanayotumika kwa watu wazima wote, yanayouliza habari za wiki mbili zilizopita. Kuna na mengine kumi na tano yaliyotungwa kwa ajili ya wazee, ya kujibu ndiyo au hapana, na uzuri wake ni kwamba hayaulizi habari za maumivu ya mwili, kwa sababu mzee gani hana maumivu? Yanauliza kama ameacha shughuli zake, kama anajiona hana thamani, kama anapenda kukaa ndani kuliko kutoka. Usimsomee mama maswali hayo kwenye simu kama mtu wa sensa. Yaache kwa wenyewe.

Nije kwenye kanga, maana naona ndizo zilizokufanya uandike.

Mama wa Kiislamu wa miaka 71 aliyenunua sanda yake, akaacha wasia, akasema yuko tayari, huenda hana tatizo lolote. Wazee wetu hujiandaa, na kujiandaa ni uungwana. Tofauti ninayoitafuta ni hii: aliye tayari kufa kwa amani bado anagombana na muuza samaki kwa shilingi mia mbili, bado anauliza mvua ya vuli itanyesha lini. Aliyezama hagombani tena. Akigawa kanga huku hali chakula vizuri, halali usiku, hasuki, na anasema anangoja kuchukuliwa, inabidi aulizwe waziwazi.

Watu huogopa kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utakuwa umempa wazo. Haiko hivyo, na sisi tunaofanya kazi hii tunauliza kila siku. Mara nyingi mtu huonekana ametua mzigo. Shida yako ni nyingine: wewe ni mwanawe, na kwetu mtoto hamuulizi mama yake jambo kama hilo kirahisi, wala mama hamjibu mtoto. Kwa hiyo tafuta ulimi ulio sawa na wake. Dada yake, somo wake, yule shoga wa kikoba waliyekaa naye mkeka mmoja tangu usichanani. Aende, wakae wawili, aanze mbali: "Bibi we, siku hizi ukilala unatamani kuamka?" Akijibu kwamba hatamani, aendelee: "Umewahi kuwaza uyamalize mwenyewe?" Na akisema ndiyo: "Umewaza utafanyaje?" Aulize kwa utulivu, asishangae, asimkimbilie na mawaidha ya moto wa jehanamu. Mtu akihubiriwa hapo hufunga mdomo, na safari ijayo hatasema.

Njia nyingine ya kumfungua mdomo, kwa mambo ya kawaida siyo kwa swali hili zito, ni mjukuu mkubwa. Utani wa bibi na mjukuu una ruhusa ambayo mimi na digrii zangu sina. Mjukuu anaweza kumwambia "mke wangu, mbona umeninunia?" akajibiwa yale ambayo wanawe hawatayasikia kamwe.

Jibu likiwa kwamba amewaza namna ya kufanya, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa zote zitolewe chumbani kwake pamoja na sumu za shambani zilizoko stoo, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo hivyo akikataa kula na kunywa, akianza kusikia sauti, au akidai mambo kama kwamba matumbo yake yameoza au familia imefilisika na polisi wanakuja. Hiyo ya mwisho ni sonona iliyofika pabaya, nayo hutibika, lakini hospitalini. Ziko familia zinazoficha jaribio la kujiua kwa kuogopa sheria, kwa kuwa kwetu bado linahesabiwa kosa. Hospitali ni mahali pa kutibiwa. Hofu ya polisi isiwachelewesheni nyumbani na mgonjwa.

Kama badiliko lingekuwa la ghafla, juzi mzima na leo anaongea na watu wasiokuwepo, nisingekuwa nazungumzia sonona kabisa. Hapo ningetafuta malaria, mkojo mchafu, nimonia, sukari iliyoshuka, au kidonge kipya, na kwa haraka.

Kaka yako huenda pia anawaza ugonjwa wa kusahau. Upo, na si wa Wazungu peke yao: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliukuta kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Lakini huo huja polepole kwa miaka, na mwenye nao kwa kawaida hujitetea. Ukimuuliza jana alikula nini, atakutajia chakula ambacho hakikupikwa, na atabisha. Mwenye sonona hukujibu "sijui, mwanangu, niache." Si sheria ya msumari, maana magonjwa hayo mawili huweza kukaa nyumba moja, na sonona inayomjia mtu kwa mara ya kwanza uzeeni mara nyingine ndiyo hodi ya usahaulifu. Ndiyo maana kumbukumbu zake zipimwe tena baada ya moyo kutengemaa, isiwe sasa.

Shangazi sitamdharau. Mkono wa mtu ni maelezo ambayo familia huyatumia pale ambapo hospitali imewaambia "taifodi" mara nne bila nafuu, na hapo sisi ndio wa kulaumiwa kwanza. Dua, kisomo, ruqya, vyote vinaweza kuendelea sambamba na tiba. Mgonjwa anayezungukwa na watu wanaomwombea hawi mpweke, na hilo peke yake ni dawa. Masharti yangu ni machache: asiachishwe vidonge vya sukari na presha, asinyweshwe kitu ambacho hamjui kimechemshwa na nini, asifungiwe ndani. Lingine ninalolichelea ni maneno yenyewe. Mazungumzo ya uchawi yakishaingia nyumbani hayana adabu ya kukaa upande mmoja. Mzee mnyamavu, asiyetoka, macho mekundu kwa kukesha, leo ndiye aliyerogwa na kesho ndiye anayeroga. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Muheza si Shinyanga, najua, lakini mwambie shangazi ayapunguze hayo mbele za watu.

Na wewe unataka kumleta Dar. Nakuelewa, na nakuomba usifanye haraka. Nimewaona akina mama wengi waliohamishiwa mjini kwa mapenzi matupu. Asubuhi mtoto na mkwe wanaondoka na giza kukimbia foleni, wanarudi na giza. Bibi anabaki na dada wa kazi, geti limefungwa, televisheni inaongea. Hakuna anayemjua, hakuna wa kumpigia hodi, hana hata mti wa mchungwa wa kuuangalia. Akiulizwa anasema yuko vizuri, maana hawezi kuonekana hana shukrani. Muheza amefiwa na mume. Dar atakuwa amefiwa na mji mzima. Kama ni lazima aje kwa vipimo, aje kama mgeni, na siku ya kurudi aijue kabla hajapanda basi.

Kosa lingine la mapenzi mnalifanya huko huko Muheza, nakisia tu, unirekebishe. Baba alipofariki, wanawe mlisema mama apumzike. Jembe likachukuliwa, msichana wa kupika akaletwa, hata kuchambua mchele akaambiwa "acha, mama, tutafanya." Mtu aliyempoteza mume aliyekuwa akimhudumia kila siku, mkamnyang'anya na kazi zilizobaki. Anaamka asubuhi hakuna hata kuku anayemtegemea. Mrudishieni. Msianze na ukili, huo ni mzito. Tazama kwenye ile karatasi yako kitu alichokiacha mwisho kabisa. Hicho ndicho kilicho karibu na mlango. Labda ni kumwagilia mchicha, labda ni kumsomesha mjukuu juzuu. Kiwekewe saa, kifanyike kila siku hata robo saa, na mtu awe naye. Wengi husema "akipata hamu ataanza." Kwa ugonjwa huu mambo yako kinyume: huanza kwanza, akiwa hana hamu hata chembe, na hamu huja nyuma ikichechemea, wiki ya tatu au ya nne. Jua la asubuhi na matembezi mafupi mpaka kwa jirani navyo vinahesabika.

Simu zako pia zibadilike. "Umekula? Umemeza dawa? Unaendeleaje?" Hayo ni maswali ya nesi wa zamu, na majibu yake yanajulikana. Mpigie saa ile ile kila siku, umuulize kitu anachokijua yeye na wewe hukijui: samaki mkavu mnamtoaje chumvi, mtoto akikohoa usiku mlikuwa mnampa nini, yule mjomba wa Pangani ana undugu gani na sisi. Akikujibu kwa mkato, usikate tamaa. Kesho muulize kingine.

Dawa. Ile amitriptilini aliyopewa haikuwa ujinga wa mtu. Ni dawa ya zamani ya sonona, na kwa dozi ndogo hutuliza pia miguu inayowaka; huenda aliyempa alikuwa anafikiria miguu. Kasoro yake kwa wazee ni kwamba hukausha mdomo, hufunga choo, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, huchanganya akili, na hushusha presha mtu anaposimama, na mama yuko tayari kwenye dawa ya presha. Kizunguzungu chake kilikuwa cha kweli. Angeendelea angeweza kuanguka na kuvunja nyonga, na nyonga kwa mtu wa umri huo ni habari nyingine kubwa. (Wasomaji wenye baba zao: wanaume wenye tezi dume iliyovimba huweza kuziba mkojo kabisa kwa dawa hii.) Kwa hiyo usimwambie mama "ulikuwa mkaidi." Mwambie mwili wake ulisema kweli, na kuna dawa nyingine.

Inayopatikana zaidi kwetu baada ya hiyo ni fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi. Kwa wazee huanza kwa dozi ndogo na kupanda taratibu. Haifanyi kazi kama Panadol. Wiki mbili za kwanza anaweza kuona kichefuchefu au wasiwasi umezidi, na nafuu yenyewe huonekana kati ya wiki ya nne na ya sita, mara nyingine ya nane kwa wazee. Hapo ndipo wengi wanaacha, wakisema haikuwasaidia. Akipona aendelee nayo miezi mingi, mara nyingi mwaka, na isikatwe ghafla. Mambo mawili mkumbushe daktari bila aibu. Moja, mama anameza bendro: dawa hizi mbili kwa pamoja huweza kushusha chumvi ya sodiamu damuni kwa wazee, na dalili yake ni kulegea, kuchanganyikiwa, kuanguka, hasa wiki za mwanzo. Apimwe. La pili, akichanganya na aspirini au zile dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki, tumbo huweza kutoka damu.

Valium ni adui anayekuja na mto wa kulalia. Katika mwili wa mzee hukaa kwa siku kadhaa, kesho yake anatembea kama mlevi, kumbukumbu zinapungua, na sonona haiguswi hata kidogo. Jua ameimeza kwa muda gani. Ikiwa ni wiki nyingi, asiiache leo kwa mara moja, maana inaweza kumletea mtetemo hata degedege. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Na mwenye duka hakupaswa kuiuza bila cheti.

Wapi pa kwenda? Anza hospitali ya wilaya. Wakishindwa, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Tanga ndiyo Bombo, uulizie huduma ya afya ya akili. Nakuonya, neno "akili" litaleta kelele. Watu wakilisikia wanawaza Mirembe na minyororo. Mama mwenyewe mwambie, "tunakwenda kuangaliwa usingizi na miguu," maana ni kweli, hujamdanganya. Mengine daktari atayafungua. Mbebee na kitambulisho chake: sera ya nchi humwita mzee aliyefika miaka 60, na wazee wasio na uwezo wamewekewa msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Kama hana kadi ya msamaha, afisa ustawi wa jamii ndiye mtu wa kumwona. Na weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo zilizoko chini ya godoro na za miti kwenye chupa ya maji.

Hujanieleza habari za wifi yako. Ndiye anayeamka usiku mama akilia miguu, ndiye anayekataliwa chakula alichopika. Mtumie yeye nauli aende kwao siku tatu, na wewe chukua likizo ukae Muheza siku hizo. Utajifunza kuhusu mama mambo ambayo mimi siwezi kukuandikia, na kaka yako ataona usiku unavyokuwa.

Ukiwa huko utauona ule ukili uvunguni. Usiumalizie wewe, usimpe mtu aumalizie, wala usiuuze. Utoe, uukung'ute vumbi, uuweke barazani pale anapopenda kukaa, na miyaa iliyolowekwa karibu. Usiseme kitu.